Kuonana na Kujuana: Uhakiki wa Filamu "Ibelin" ya Benjamin Ree

0. Utangulizi

Watu wa lugha yetu wanapoachana jioni husema "tutaonana". Katika neno hilo moja mna nadharia nzima ya urafiki: rafiki ni yule unayemtia machoni naye akakutia machoni, mkala pamoja, mkatembeleana, na siku ya msiba mkaketi mkeka mmoja. Asiyekuwepo na lake halipo, yasema methali. Lakini lugha hiyohiyo inatupatia kitenzi kingine chenye mnyambuliko huohuo wa kutendana, nacho ni "kujuana". Je, watu wawili waweza kujuana bila kuonana? Uhakiki huu unalichunguza swali hilo kwa njia ya filamu moja ya hali halisi, inayosimulia maisha ya kijana wa Norwei aliyekuwa na marafiki wengi ambao hakupata kukutana nao ana kwa ana.

Yatupasa tukiri mapema kwamba hatuliulizi swali hili kwa moyo mtulivu. Miaka michache iliyopita, mwanafunzi wetu mmoja alikuja ofisini kuomba ruhusa ya siku mbili. Alisema amefiwa na rafiki. Tulipomuuliza rafiki huyo alikuwa akikaa mtaa gani, alijibu kwamba alikuwa mtu wa Kigoma, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na kwamba hawakuwa wamekutana hata siku moja. Kwa muda wa miaka mitatu walikuwa wakicheza mchezo wa simu katika kikundi kimoja, wakizungumza Kiswahili karibu kila usiku. Tulimnyima ruhusa. Tulimwambia, tena mbele ya wenzake, kwamba mtu haendi katika kilio cha mtu asiyemjua. Hakubisha. Alikwenda akaketi kiti cha nyuma, na tangu siku hiyo hakutuuliza swali lolote hadi alipomaliza masomo yake.

Filamu tunayoihakiki hapa ndiyo iliyoturudisha kwenye neno lile, "asiyemjua".

1. Kisa chenyewe

Filamu hii huitwa Ibelin kwa Kinorwei, na kwa Kiingereza The Remarkable Life of Ibelin. Mwongozaji wake ni Benjamin Ree, ambaye awali alijulikana kwa Magnus (2016), juu ya bingwa wa sataranji Magnus Carlsen, na kwa The Painter and the Thief (2020). Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance nchini Marekani mwezi wa Januari 2024, ikapata huko tuzo ya uongozaji na tuzo ya watazamaji katika kundi la filamu za hali halisi kutoka nchi za nje. Tangu Oktoba 2024 inapatikana pia kwa njia ya Netflix.

Kisa chake ni chepesi kusimulia. Mats Steen alizaliwa mwaka 1989 akiwa na ugonjwa wa Duchenne, ambao hurithiwa na hudhoofisha misuli ya mwili mwaka hata mwaka. Akiwa mtoto bado alilazimika kutumia kiti cha magurudumu. Alipokuwa mtu mzima, kiungo kilichomtii zaidi kilikuwa vidole. Kwa vidole hivyo alicheza World of Warcraft, mchezo wa kompyuta uliofunguliwa mwaka 2004, ambao wachezaji wa nchi mbalimbali huingia kwa wakati mmoja katika ulimwengu wa kubuni uitwao Azeroth. Inakadiriwa kwamba katika miaka kumi ya mwisho ya maisha yake alitumia humo saa kati ya 15,000 na 20,000. Wazazi wake, Robert na Trude Steen, walimpenda na kumtunza. Lakini waliamini kwamba mtoto wao amekosa mambo matatu yanayoyapa maisha uzito: urafiki, mapenzi, na nafasi ya kumfaa mtu mwingine.

Mats alifariki mwezi wa Novemba 2014, akiwa na umri wa miaka 25. Aliwaachia wazazi njia ya kuingia katika blogu yake. Baba akaandika humo tangazo fupi la kifo, akaweka na anwani yake, akidhani kwamba labda mtu mmoja au wawili watajibu. Barua za rambirambi zikaanza kumiminika kutoka kwa watu ambao familia haikuwajua hata kwa jina. Kila barua ilimtaja mtu aitwaye Ibelin. Huyo ndiye aliyekuwa Mats ndani ya mchezo: mwanamume mrefu, mwenye nguvu, anayekimbia.

2. Maisha mamoja, masimulizi mawili

Thamani ya kwanza ya filamu hii imo katika muundo wake. Ree anatusimulia maisha yaleyale mara mbili. Mara ya kwanza twayaona kwa macho ya nyumbani: picha zilizopigwa na familia, mtoto anayeanguka anapojaribu kukimbia, kijana anayezidi kujifungia chumbani, mgongo wake mbele ya kioo cha kompyuta. Mtazamaji hushikwa na huruma, na huruma hiyo inafanana kabisa na ile ya wazazi. Kisha filamu inarudi nyuma na kuanza upya, safari hii ikitazama kutoka upande wa pili wa kioo. Ndipo tunapotambua kwamba kile tulichokiita upweke kilikuwa ni sisi kutazama mgongo wa mtu aliyekuwa amewageukia wenzake.

Masimulizi haya ya pili hayakubuniwa na mwongozaji. Mats alikuwa mwanachama wa Starlight, chama cha wachezaji wapatao thelathini, na chama hicho kilikuwa na desturi ya kuhifadhi mazungumzo ya wahusika wake. Ree alipata kurasa zipatazo 42,000 za maandishi hayo. Wachoraji wakauhuisha ulimwengu wa Azeroth kufuatana nayo, na waigizaji wakayatamka maneno yaliyokuwa yameandikwa. Kwa hiyo msingi wa sehemu hii ya filamu ni matini: mabishano, mizaha, utongozaji, toba, ushauri, yote yaliyoandikwa papo hapo na watu wanaojibizana.

Hapa ndipo sisi wa idara ya Kiswahili tunapopaswa kusikiliza kwa makini zaidi. Katika Kiswahili, neno "mchezo" lina maana ambazo lugha nyingine huzitenganisha. Mpira ni mchezo, bao ni mchezo, na tamthilia nayo ni mchezo wa kuigiza. Starlight ilikuwa chama cha mchezo kwa maana hizo zote. Wanachama wake hawakuwa wakishindania ushindi tu. Kila mmoja alikuwa amebuni mhusika mwenye jina, nasaba na tabia, na aliingia kila siku kuuendeleza uhusika huo pamoja na wenzake bila maandishi yaliyotayarishwa.

Wasomaji wa Lubumbashi hawahitaji kwenda mbali ili kuielewa sanaa ya namna hiyo. Kundi la maigizo la Mufwankolo, ambalo kazi yake ilichunguzwa na Johannes Fabian katika kitabu Power and Performance (1990), lilikuwa likikubaliana juu ya kisa na mpangilio wake, kisha waigizaji wakayatunga majibizano wenyewe kwa Kiswahili cha mji wetu. Fabian aliyanakili majibizano hayo na kuyachapisha, kwa sababu aliona kwamba humo mna fikra za watu juu ya madaraka. Tofauti iko wazi: Mufwankolo walicheza mbele ya hadhira, ilhali wachezaji wa Starlight walikuwa hadhira ya wao kwa wao, na mchezo wao haukuwa na pazia la kufunga. Lakini katika yote mawili, mtu anayebuni maneno papo hapo mbele ya mwenzake hawezi kujificha kwa muda mrefu. Barakoa huvaliwa usoni. Mkono unaojibu haraka ni wa mwenyewe.

3. Mhusika anayehusika

"Mhusika", kwa asili ya neno, ni yule anayehusika. Filamu inaonyesha jinsi Ibelin alivyokuwa mhusika kwa maana hiyo ya asili. Tutataja mifano miwili.

Wa kwanza ni wa msichana wa Uholanzi, ambaye ndani ya mchezo aliitwa Rumour. Walikutana wakiwa vijana, yeye na Mats, siku mhusika wake alipomnyang'anya Ibelin kofia na kukimbia nayo. Baadaye wazazi wa msichana, wakihofia masomo yake, wakamkataza kompyuta, naye akaingia katika huzuni kubwa. Mats akawaandikia wazazi hao barua akieleza uzito wa urafiki ule kwa binti yao. Msichana aliitunza barua ile, na katika filamu tunamwona akiwa mwanamke mzima akiikumbuka.

Wa pili ni wa mama mmoja wa Denmark, Reike ndani ya mchezo, aliyekuwa na mtoto mwenye usonji. Mtoto hakutaka kutoka nje wala kuguswa, na mama hakujua amfikie kwa njia gani. Ibelin akamshauri acheze pamoja na mwanawe. Wakaanza kukutana huko, na huko ndiko mtoto alikoweza kumkumbatia mama yake, mhusika kwa mhusika, kabla ya jambo hilo kuwa jepesi nyumbani. Mwenye kushauri alikuwa mtu ambaye mwili wake mwenyewe haukuweza kumkumbatia yeyote. Na mshauriwa, siku ya ushauri, hakujua hilo.

Ree anastahili sifa kwa kutomfanya shujaa wake kuwa malaika. Ibelin anatongoza huku na huku, anaumiza mioyo, anajibu kwa ukali, anasusa. Zaidi ya yote, anawaficha wenzake habari ya ugonjwa wake kwa miaka mingi. Wanamshangaa anapotoweka bila maelezo. Yeye yuko hospitalini. Wanapoeleza taabu zao, yeye anasikiliza, lakini zake hazisemi. Baadaye tu, kwa kumweleza rafiki mmoja na kisha kwa kuandika katika blogu aliyoianza mwaka 2013, ndipo anapojifungua.

Sehemu hii ndiyo kiini cha filamu, nayo inajibu hoja ya wale wasemao kwamba urafiki wa mtandaoni ni rahisi kwa kuwa hauna gharama. Mats aliipenda Azeroth kwa sababu huko hakuna aliyemwona kwanza kama mgonjwa. Lakini uhuru huo uligeuka kuwa deni: kadiri marafiki walivyomwamini, ndivyo siri yake ilivyozidi kuwa uzito kati yao. Ilimbidi achague kati ya kupendwa bila kujulikana na kujulikana kwa hatari ya kupoteza upendo. Uchaguzi huo kila rafiki wa kweli huufikia, awe amekaa mkeka mmoja na mwenzake au mbele ya kioo. Na hapa methali inasimama upande wa Ibelin na wenzake: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali haisemi akuonaye.

4. Kasoro za filamu

Pamoja na sifa hizo, tunaona kasoro tatu.

Kwanza, filamu inatoa sauti na sura kwa kitu ambacho uzuri wake ulikuwa katika kukosa sauti na sura. Marafiki wa Mats walimjua kwa kusoma. Kila tamko lilichapwa kwa vidole vilivyodhoofika, likasubiriwa, likasomwa, likajibiwa. Katika filamu tamko hilo linatoka kinywani mwa mwigizaji, na Ibelin anatembea katika misitu yenye mwanga mwororo huku muziki ukitueleza tuhisi nini. Sinema ina mahitaji yake, hatukatai. Mtu hawezi kuonyesha kurasa 42,000 kwenye pazia. Hata hivyo ingekuwa haki kutuachia walau dakika chache za maandishi matupu na ukimya, ili nasi tuonje subira ambayo urafiki ule ulijengwa juu yake.

Pili, filamu haisemi vya kutosha juu ya mwenye nyumba. Azeroth si uwanja wa kijiji. Ni mali ya kampuni, na wachezaji hulipa ada ili wabaki humo. Urafiki unaoota mahali kama hapo ni kama shamba katika ardhi ya kukodi. Si kosa la wapangaji, na pengine si kosa la mwenye ardhi pia. Lakini tungependa mwongozaji aulize nini hutokea siku mwenye nyumba anapofunga mlango. Filamu yenyewe ina jibu ambalo inalipita mbio: kilichookoa maisha ya Ibelin yasifutike ni mazoea ya wanachama kujiwekea kumbukumbu zao wenyewe.

Tatu, filamu inaweza kumfanya mtazamaji aamini kwamba mtandao, kwa kuwa ni mtandao, huzaa urafiki. Starlight haikuwa umati. Mgeni hakuingia ila kwa kudhaminiwa na wanachama, tena baada ya muda wa kuchunguzwa. Watu walikuwa wachache, walidumu pamoja miaka mingi, walikuwa na jambo la kufanya pamoja kila siku, na walikuwa na lugha ya pamoja. Mambo hayo manne ndiyo yaliyozaa urafiki. Mwezi wa Oktoba 2010 kampuni ilitangaza kwamba mchezo umefikisha wachezaji zaidi ya milioni 12. Hatudhani kwamba wote walimpata Ibelin wao. Wako waliokutana na matusi, na wako waliopoteza usingizi na masomo bila kupata chochote. Hofu ya wazazi, kwa hiyo, haikuwa upuuzi. Kosa lao lilikuwa dogo na la kibinadamu: walihesabu saa, hawakuuliza majina.

5. Kilio

Tufike sasa kwenye mazishi. Wanachama watano wa Starlight, kutoka nchi mbalimbali za Ulaya, walifunga safari hadi Norwei kumzika mtu ambaye hawakupata kumwona akiwa hai. Chama kilichanga ili asiyekuwa na nauli naye afike. Kiongozi wao alisema maneno ya kuaga. Wazazi, waliokuja kumzika mtoto wao mpweke, waliondoka wakiwa wamejua kwamba walimzika mtu wa watu.

Mtazamaji wa kwetu huielewa sehemu hii bila mkalimani. Katika miji yetu, ukitaka kujua mtu alikuwa nani, unatazama kilio chake: nani amekuja, nani amelala pale usiku kucha, nani ameleta kuni, unga na mchango. Ndiyo sababu sehemu hii hutoa machozi. Lakini ndiyo sababu pia inahitaji kuhakikiwa. Je, filamu haijajipinga yenyewe? Kwa saa nzima imetushawishi kwamba kujuana kwaweza kutosha bila kuonana. Kisha, ili kuthibitisha, inatuletea watu watano wenye miili, machozi na koti za baridi, kana kwamba urafiki ule ulikuwa bado unasubiri kutiwa muhuri na macho.

Tulilifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na rai yetu ilibadilika. Mwanzoni tuliona ni udhaifu wa hoja. Sasa tunaona kwamba mazishi yale hayakuufanya urafiki uwe wa kweli. Yaliufanya uonekane kwa wale waliokuwa hawauoni, yaani wazazi, na pamoja nao sisi. Wale watano hawakwenda kuthibitisha chochote. Walikwenda kwa sababu walifiwa, na aliyefiwa hutafuta mahali pa kulilia. Kilio si cheti cha ujamaa kinachotolewa na wenye nyumba. Ni haki ya mwenye uchungu.

Yule mwanafunzi hakuwa akituomba tumthibitishie kwamba rafiki yake alikuwa rafiki. Alikuwa akiomba siku mbili. Kwa kumuuliza mtaa tulihesabu umbali, kama vile wazazi wa Mats walivyohesabu saa. Hatukumuuliza hata jina la marehemu, na leo hatulijui.

6. Hitimisho

Kwa kifupi, Ibelin ni filamu yenye muundo wa akili na moyo wa haki, ijapokuwa hupendezesha mno pale ambapo ukavu wa maandishi ungefaa zaidi. Inastahili kuonyeshwa kwa wanafunzi na kujadiliwa, si katika masomo ya filamu peke yake bali pia katika yale ya fasihi simulizi na ya isimujamii. Kwa muda mrefu tumefundisha kwamba fasihi simulizi huhitaji fanani na hadhira kukutana mahali pamoja na wakati mmoja. Kurasa zile 42,000 zinatulazimisha kuuliza kama sharti la mahali bado linasimama, au kama lililobaki ni sharti la wakati tu.

Swali hilo haliwahusu Wanorwei peke yao. Yule mwanafunzi na mwenzake wa Kigoma walikuwa Wakongomani na Watanzania wakibuni maneno papo hapo, usiku baada ya usiku, kwa Kiswahili kinachovuka ziwa. Walikuwa na utani gani? Walitumia lafudhi ya nani? Walipokosana, walipatanishwaje? Hatuna ukurasa hata mmoja wa mazungumzo yao, na hatuna kwa sababu hakuna mwalimu aliyedhani kwamba yana maana. Tunawaomba wenzetu, hasa vijana wanaotafuta mada za tasnifu, waanze kuwahoji wachezaji hao na kuhifadhi maneno yao kwa idhini yao wenyewe, kabla hayajapotea pamoja na simu zilizoyabeba.

Nasi kwa upande wetu, endapo mwanafunzi atakuja tena mlangoni akisema amefiwa na mtu wa mbali, swali letu la kwanza litakuwa: marehemu aliitwa nani?